K Mara Mbili Baada ya Daraja

Daftari lilikuwa chini ya godoro, na kitu kilicho chini ya godoro hakikujipeleka huko chenyewe. Ndivyo Euphrasia alivyojiambia alipolifungua, magoti yakiwa sakafuni na shuka la bintiye likiwa begani. Hakuja kupekua. Alikuja kuchukua nguo za kufua. Lakini mkono wa mama una macho yake.

Kurasa za mwanzo zilikuwa na mashairi, na mashairi hayakumtisha. Nelly alikuwa na miaka ishirini, anasomea muziki mwaka wa kwanza katika chuo kidogo nyuma ya maghala ya mpunga, na mtu akisomea muziki lazima aandikeandike. Euphrasia mwenyewe alikuwa na stashahada ya mifugo na duka la dawa za ng'ombe hapo Nyasubi. Alipokubali kumlipia mtoto ada ya kwenda kujifunza kuimba, majirani walimtazama kama mtu aliyenunua jogoo akitegemea maziwa. Alikubali kwa sharti moja tu: akisikia upuuzi wowote, chuo basi.

Ukurasa wa tisa ndio uliomkalisha chini.

*Nasema niko darasani, simu naifunika na kanga. Rudi kwa K.*

Chini yake, kwa wino mwekundu: *K kifupi mno, lakini kinashika. Hata nikilala nakisikia.*

Chini zaidi: *Mwl. Ignas anasema nisikimbilie K. Nicheleweshe kidogo, utamu uongezeke.*

Na mwisho kabisa, maneno yamepigiwa mstari: *Daraja: hapa ndipo nimwambie mama ukweli wote. K mara mbili baada ya daraja. Mama asijue mpaka siku yenyewe.*

Euphrasia alisoma mara tatu, polepole, kama anavyosoma kipimo kwenye chupa ya sumu ya kupe. Kuna mwanamume. Jina lake linaanza na K. Ni mfupi, mfupi kiasi kwamba Nelly anamdekeza kwa kumwita kifupi, kama mtu anayesimulia kitoto cha paka. Wanakutana darajani. Mwalimu anajua, tena anatoa ushauri. Na mara mbili. Mara mbili nini?

Alilirudisha daftari mahali pake, akalinyoosha godoro, akaenda kufua. Mwizi haambiwi umemwona. Unamwacha apite tena.

&nbsp;

Kesho yake, Ijumaa, dukani aliingia Mzee Mihayo, mfugaji wa upande wa Ushirombo, akiwa ameshika kofia mkononi, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mzee wangu. Leo kuna nini?"

"Ng'ombe yangu imevimba tumbo. Tangu juzi haili."

"Ng'ombe wangu amevimba," Euphrasia alimsahihisha huku akishusha chupa rafuni. Alikuwa hivyo kwa kila mteja. "Ni mnyama huyo, mzee, si baiskeli. Amevimba upande gani?"

"Wa kushoto. Sasa nikisema *imevimba* atakufa?"

"Atapona, ila atapona bila sarufi."

Mzee akacheka. Euphrasia alimpa dawa na maelezo, kisha akachukua simu akampigia mume wake. Deusdedit alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwa wachimbaji wadogo wa kule Bugarama. Nyumbani alikuja mara mbili kwa mwezi, na miezi mingine mara moja. Simu ikasema mteja hapatikani. Ilikuwa imesema hivyo tangu Jumanne. Palepale, bila hata kushusha mkono, akampigia Nelly.

"Uko wapi? Mbona kuna kelele hapo? Chuo gani kina kelele za pikipiki? Haya."

Akakata. Akauza jiwe la chumvi ya ng'ombe kwa mteja mwingine, akapiga tena.

"Uko wapi? Mbona kimya? Darasa zima limekufa? Haya."

Mzee Mihayo alikuwa bado anafunga chupa yake kwenye kitambaa. "Mayu," alisema, "kelele kosa, kimya kosa. Mtoto apumulie wapi?"

"Mzee, wewe una mabinti wangapi?"

"Sita."

"Na wote uliwaamini?"

Mzee akavaa kofia. "Wabeja, mayu," akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa asante yake na jibu lake.

&nbsp;

Nyasubi ina vidaraja vingi vya kuvukia mifereji, lakini mtu akisema "darajani" bila kuongeza neno, kila mtu anajua ni pale kwa fundi spika. Saa kumi za Ijumaa hiyo hiyo Euphrasia alisimama nyuma ya muuza mitumba ng'ambo ya barabara, akipima sketi ambayo isingemwingia hata mguu mmoja.

Nelly akaja. Akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi. Na fundi huyo aliitwa Kashindye.

Euphrasia aliishika ile sketi kwa nguvu. Kashindye! Yeye mwenyewe alikuwa akipita mbele ya kibanda hicho kila siku. Na mfupi! Akikaa kwenye kigoda chake na akisimama, ilibidi uulize ni lipi kati ya hayo analofanya. Alimwona akisema jambo, Nelly akacheka huku ameziba mdomo. Kisha Kashindye akatoa kifuko cheusi chini ya meza. Nelly hakutoa hela. Kitu kimetoka mkono wa mwanamume bila hela kuingia! Nelly akakisukuma kifuko chini kabisa ya mkoba, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, ndipo akavuka.

"Mama, hiyo sketi unachukua?" aliuliza muuza mitumba.

"Hainitoshi."

"Hilo nililiona tangu unaingia."

Jioni, Nelly alipokuwa akichambua mchele, alikuwa anaimba chini kwa chini. Euphrasia alipoingia jikoni, akanyamaza.

"Unaimba nini?"

"Hamna, mama."

"Hamna ana sauti nzuri. Endelea."

Nelly akainamia ungo.

&nbsp;

Jumamosi Nelly aliondoka mapema. Alisema kuna mazoezi ya onyesho la kufunga muhula. Saa sita mchana Euphrasia alifunga duka, jambo ambalo siku ya Jumamosi hakuwahi kulifanya hata alipofiwa na mama mkwe. Akalichukua daftari chini ya godoro, akalitia kwenye mkoba, akaenda darajani. Aliupanga mwendo wake kama mtu wa chanjo: kwanza fundi, halafu mwalimu, halafu mtoto.

Kashindye alikuwa ameinamia spika iliyofumuliwa, moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya ukimpanda usoni. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi.

"Shikamoo, Mama Nelly."

"Shikamoo yako iweke mfukoni. Wewe ndiye K?"

"Mimi ndiye nani?"

"K!"

Kashindye akawatazama wateja, kana kwamba mmoja wao ndiye aliyeulizwa. "Mama, mimi ni Kashindye. Wengi wananiita Fundi."

"Na Kashindye linaanza na herufi gani? Jana ulimpa mwanangu nini kwenye mfuko mweusi?"

"Waya. Waya wa gitaa la chuo, ulikuwa umekatika."

"Bila hela?"

"Mwalimu Ignas analipa mwisho wa mwezi."

"Mwalimu analipa." Euphrasia alitikisa kichwa kama daktari aliyeona alichokitarajia. Akalitoa daftari, akasoma kwa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kwenye josho. Akasoma K kifupi lakini kinashika. Akasoma utamu uongezeke. Mmoja wa wateja akaguna. Alipofika kwenye K mara mbili baada ya daraja, akanyoosha kidole: "Daraja si hili hapa?"

Wateja walikuwa wakitazama nyuma yake, alikokuwa amesimama Rebeka, mke wa Kashindye, mtoto mgongoni na hotipoti la chakula cha mchana mikononi. Alikuwa amesimama hapo tangu kwenye utamu.

Rebeka hakupiga kelele. Aliliweka hotipoti juu ya meza, akamtazama mume wake kwa muda wa kutosha mtu kumaliza salamu ndefu. Kisha akaliinua tena hotipoti, akageuka, akaondoka na chakula.

"Mama Nelly," Kashindye alisema, akikiweka chini chuma cha kuunganishia, "Mungu anakuona."

"Na wewe je, hakuoni?" alijibu Euphrasia, akaelekea chuoni.

&nbsp;

Chuo kilikuwa vyumba vitatu na ubao. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamekaa nusu duara, Nelly katikati na gitaa mapajani. Mwalimu Ignas, mzee mwembamba aliyevaa kandambili na shati lililopigwa pasi vizuri, alikuwa akiwaambia, "Kiitikio bila mtu wa kuitikia ni kelele tu," pale mlango ulipofunguka bila kubishwa hodi.

"Simama, Nelly. Chukua vitu vyako. Na wewe mwalimu, kabla sijaenda polisi nieleze: K ni nani, na wewe unapata nini kwa kuwapeleka mabinti wa watu madarajani?"

"Mama..." Nelly alilitambua daftari. "Umeingia chumbani kwangu?"

"Chumba chako kiko kwenye nyumba yangu."

Mwalimu Ignas hakukasirika, na hilo lilimwongezea Euphrasia shaka. Alilipokea daftari kwa mikono miwili, akasoma ukurasa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Nelly, karibu. Naomba unisaidie kusoma mstari huu mmoja."

"Nimeshausoma. 'K kifupi mno, lakini kinashika.'"

"Vizuri. Sasa K angekuwa mtu, Nelly angeandikaje?"

Euphrasia alifungua mdomo. Yeye ambaye mfugaji akisema ng'ombe *imevimba* humsahihisha kabla ya kumpa dawa.

"Mfupi," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "K mfupi. Anashika."

"Kifupi, kinashika. Ni ngeli gani hiyo?"

"Ya KI-VI."

"Basi si mtu. Ni kitu." Mwalimu akasogea pembeni, na nyuma yake ubao mzima ulikuwa umejaa: *Ubeti 1 – K – Ubeti 2 – K – Daraja – K – K.* "Kiitikio, mama. Tunakifupisha kwa sababu chaki ni ghali. Na daraja ni kile kipande kinachokuja mara moja tu katika wimbo, kinachomvusha msikilizaji kutoka alikozoea. Hapo mtungaji anasema lile alilolikwepa kwenye beti zote. Ukishavuka, unarudia kiitikio mara mbili, kwa sababu sasa watu wanakisikia kwa maana nyingine."

Msichana mmoja kwenye kona alikuwa ameuma ukosi wa blauzi yake ili asicheke.

"Na utamu uongezeke?" Euphrasia aliuliza. Hakuwa mtu wa kushindwa kabla ya kumaliza orodha.

"Wimbo ukikimbilia kiitikio, unakuwa kama chakula kilichopakuliwa kabla mtu hajanawa. Mcheleweshe msikilizaji kidogo, apate hamu."

Nelly hakuwa akiyasikiliza haya. Alikuwa akiitazama simu yake. "Mama. Fundi Kashindye amenipigia mara saba. Ulipita wapi kabla ya kuja hapa?"

Euphrasia aliuweka sawa mkoba begani.

"Mama, ulipita wapi?"

"Darajani."

"Na mke wake alikuwepo?"

Euphrasia akatazama sakafu. Nelly akalilaza gitaa chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa. "Kwao Rebeka ni Bugarama. Hapa Fundi ameandika kwamba mkewe anafungasha, anaondoka na gari la saa tisa."

Ilikuwa saa nane kasoro.

"Twende," alisema Euphrasia, akilichukua daftari mikononi mwa mwalimu. Lakini mlangoni akasimama. "Hicho kiitikio chenyewe kinasemaje?"

Nelly alimwangalia mwalimu, na mwalimu akaangalia dirishani. Basi Nelly akaimba, akiwa amesimama, bila gitaa, na wanafunzi wakaitikia kwa mazoea bila kuambiwa:

*Kukiwa na kelele –*
*Uko wapi?*
*Kukiwa na kimya –*
*Uko wapi?*
*Nikiwahi kupokea, mbona umewahi?*
*Nikichelewa, ulikuwa na nani?*
*Uko wapi? Uko wapi? Haya.*

Ile "haya" ya mwisho waliikata wote kwa pamoja, kama simu inavyokatwa. Euphrasia aliisikia na kuitambua, kama mtu anavyoitambua kanga yake ikiwa imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

"Na darajani?" aliuliza. "Huo ukweli wote ni upi?"

Nelly hakuimba tena. Aliyasema tu, macho chini: "'Swali lilikuwa la baba, mama. Simu ya baba haipatikani. Mimi ndiye niliyekuwa na chaji.'"

Yule wa kwenye kona akauachia ukosi wa blauzi yake.

&nbsp;

Rebeka na Kashindye walikuwa wamepanga chumba na sebule mtaa wa pili kutoka darajani. Kashindye alikuwa amekaa nje juu ya boksi lake la vifaa, mlango umefungwa kwa ndani. Aliwaona wakishuka kwenye bajaji, akasogea pembeni kama mtu anayempisha afisa wa mahakama.

"Rebeka, mwanangu, ni mimi, Mama Nelly. Nifungulie."

Mlango ulifunguka. Adabu ni adabu. "Shikamoo, mama," alisema Rebeka.

"Marahaba."

"Ulisahau ukurasa mwingine?"

Nyuma yake begi kubwa la miraba lilikuwa limejaa nusu. Mtoto alikuwa amelala kitandani katikati ya nguo zake. Hotipoti lilikuwa sakafuni, halijafunguliwa.

"Nimekosea," alisema Euphrasia. Neno hilo lilikuwa geni mdomoni mwake. Alilisema kama linavyosemwa neno la lugha ya watu. "K si mume wako. K ni kiitikio."

"Kiitikio ndiyo kabila gani?"

"Ni sehemu ya wimbo. Pale watu wanapoitikia. Nelly anajifunza kutunga."

Rebeka alikunja shati la mtoto, akalitia begini. "Mama, wewe ni msomi. Msomi hafungi duka siku ya Jumamosi akapita na daftari mtaa mzima kwa sababu ya herufi."

"Amefanya hivyo. Msomi mwenyewe ni mimi hapa."

"Hapana. Mmekaa, mmeona aibu imekuwa kubwa, mkakubaliana yaishe kimya kimya. Ndiyo maana umemleta na yeye." Alimwonyesha Nelly kwa kidevu. "Huo wimbo uko wapi?"

Euphrasia alimgeukia bintiye. "Imba."

"Siimbi."

"Nelly!"

"Nikiimba mimi, atasema nimeutunga kwenye bajaji. Imba wewe, mama. Wewe kila mtu anajua huwezi kutunga." Kisha, polepole zaidi: "Na aliyesoma daftari darajani si mimi."

Nje, wapangaji wawili walikuwa wameacha kuosha vyombo. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Euphrasia alikuwa hajaimba mbele za watu tangu kipaimara, na hata siku hiyo katekista alimwomba atingishe midomo tu. Akauweka mkoba chini. Akakohoa.

"*Kukiwa na kelele*," aliimba, akasubiri. Hakuna aliyeitikia. Ikabidi ajiitikie mwenyewe: "*Uko wapi?*"

Sauti ilikwaruza, ikapanda pasipotakiwa, ikashuka kama ndoo iliyokatikiwa kamba. Mpangaji mmoja akageuza uso. Euphrasia akaendelea mpaka mwisho, akaitia na ile haya, halafu akasimama katikati ya chumba cha watu, uso ukimwaka.

Rebeka alikuwa ameacha kukunja. "Hayo si maneno ya msichana kwa mwanamume," alisema. "Hayo ni yako."

"Ni yangu. Yote ni yangu. Kila siku, mara nne, tano."

"Hata pale darajani tunakusikiaga ukipita unaongea na simu." Rebeka akakaa juu ya begi. "Rudia."

"Nirudie?"

"Si ni mara mbili?"

Euphrasia akarudia. "*Kukiwa na kelele...*"

Mara hii hakuwahi kujiitikia. "*Uko wapi?*" alisema Rebeka. Hakuimba, aliuliza tu, macho yake kwenye pazia la mlangoni.

"Niko hapa," Kashindye alijibu kutoka nje. "Niko hapa tangu saa sita na nusu. Njaa inaniuma, mke wangu."

Rebeka alilifunua hotipoti. "Ugali umepoa," alisema.

Hakusema aingie. Lakini gari la saa tisa lilipopiga honi kule barabara kuu, alikuwa bado amekaa juu ya begi, na Kashindye alikuwa kizingitini, sahani mapajani, akila ugali uliopoa kwa haraka kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

&nbsp;

Euphrasia na Nelly walirudi kwa miguu. Walipofika darajani Euphrasia alimkabidhi bintiye daftari.

"Hilo onyesho ni lini?"

"Alhamisi. Si ulisema chuo basi?"

"Nilisema nikisikia upuuzi. Sijausikia. Nimeufanya." Akatembea hatua chache. "Ila hicho kiitikio si kifupi mno. Kinatosha. Usikiongeze."

Simu yake ikaita. Ilikuwa Deusdedit, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Euphrasia akasimama. Alimwona Nelly anamtazama, akaumeza ule mwanzo wa siku zote, akaumeza kabisa, ukashuka mpaka tumboni.

"Haloo, Baba Nelly," alisema kwa upole. "Umekula?"

"Nimekula, mama watoto. Leo nimekula vizuri kwelikweli."

Nyuma ya sauti yake hapakuwa na mashine, wala watu, wala upepo. Euphrasia aliuma ulimi. Akahesabu mpaka tatu. Akaangalia maji ya mfereji yakipita chini.

"Kapika nani?"

Nelly akalifungua daftari, akatafuta kalamu.